Kuku Ndani ya Kiatu cha Koko

Paja la kuku nililikuta ndani ya kiatu cha kulia. Kiatu cheusi cha kanisani, cha kisigino kifupi, ambacho Mama alikifungasha mwenyewe kule Louisville akisema hata mgonjwa lazima awe na kiatu cha Jumapili. Nilitia mkono bila kutazama, na vidole vyangu vikazama katika kitu laini, baridi, chenye utelezi. Nilipoutoa mkono, funza alikuwa anatembea juu ya kucha yangu.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Niliingia chooni nikatapika, nikanawa mikono mara tano, nikarudi nikakaa kwenye kitanda cha Koko nikimtazama kwa chuki. Neno hilo nimeliandika kwa sababu niliahidi kuandika ukweli. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, anakunja kitenge na kukikunjua, anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu kizuri.

Aliyeniomba niandike ni Mama mdogo. Anasema katika kanisa letu hapa Buffalo ziko familia tatu ambazo wazee wao wameanza kupotelewa na akili kama Koko, na watoto wa nyumba hizo hawana wa kumwuliza. Kusema mbele za watu siwezi. Lakini daftari ninalo tangu darasa la sita. Haya nimeyatoa humo na kuyasafisha kidogo, si sana.

Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Yeye ndiye mama yake Mama. Alizaliwa milimani, Kivu ya Kusini, akakimbia vita, akakaa kambini Tanzania miaka mingi kuliko niliyoishi mimi duniani, halafu tukaletwa wote Kentucky. Ugonjwa ulipoanza nilikuwa na miaka kumi na minne.

Nyumba yetu ya huko Kentucky, mjini Louisville, ilikuwa na vyumba viwili, na Koko nililala naye kimoja. Chakula chake kililetwa chumbani, tukakila sisi wawili, mkono wake na wangu katika sahani moja. Sebuleni hakula hata siku moja, kwa sababu sebule ilikuwa ya Baba, na Baba ni mkwe wake. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe. Baba akiingia, Koko alivuta kitenge akafunika uso na kupita upandeupande, naye Baba alisimama wima, macho chini, mpaka apite. Walikuwa wanapendana sana kwa namna hiyo ya kutotazamana. Rafiki yangu wa shule aliwahi kuuliza, "Bibi yako anamwogopa baba yako?" Nikasema macho yake yanauma. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu ya jambo hili. Wa pili utaona.

Ugonjwa haukuja na homa. Ulikuja na mkojo. Kwanza kwenye kabati la nguo, nikadhani ni paka wa jirani. Halafu kwenye ndoo ya mchele. Halafu akaanza kuniita jina la dada yake aliyekufa vitani, akinifokea kwa nini sijachota maji. Nilimfua, nilimfuta, nilimvisha nepi za wazee zinazochakarisha kama mfuko wa plastiki. Nilikuwa napumua kwa mdomo. Mpaka leo nikisikia harufu ya unga wa watoto natoka chumbani, kwa sababu ndio tuliokuwa tunampaka ili kuficha harufu nyingine.

Jumamosi moja ya kiangazi Baba alikuwa sebuleni na soda yake, ametoka shifti. Koko akatoka bafuni uchi. Hakuwa na hata kamba mwilini. Akasimama mbele yake, akamwuliza, "We kijana, ng'ombe zimerudi?"

Baba alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimrukia Koko na taulo. Niliporudi, Baba hayupo, soda imemwagika kwenye zulia. Alikaa kwa kaka yake wiki nzima. Wazee wa kanisa wakaja, wakanywa chai, wakasema mama mkwe aliyeonwa uchi na mkwe hawezi kubaki katika nyumba ile. Hakuna aliyeuliza nani atamwosha huko anakokwenda.

Akapelekwa jimbo jingine kwa mjomba, Whitehall, pale Columbus, kwa maana nyumba ya mwana wa kiume ndiyo kwake. Mjomba na mkewe wote walifanya kazi ghalani. Watoto wao wakisemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza, na Koko akiwaongelesha walipandisha sauti ya televisheni. Walimfungia mlango kwa nje. Februari, theluji ikiwa bado chini, alipita dirishani, akakutwa katikati ya barabara pana ya magari, miguu mitupu, ameshika mfuko wa mkate, na mavi yamekauka mpaka kwenye magoti. Polisi walimfunga blanketi la rangi ya fedha. Mjomba alitutumia picha. Kwa nini mtu anapiga picha kwanza, sijui.

Mama mdogo, mdogo wake Mama, ni mtunzaji wa wazee huku Buffalo. Ndiye aliyetafuta nafasi Tonawanda, kando ya mji huu, katika nyumba ya watu waliopoteza kumbukumbu. Mjomba alituma sauti kwenye simu: "Bon. Munatupa mama yangu mu nyumba ya wazungu. Donc mimi niko nani? Niko kiti?"

Mama mdogo akamrudishia: "Kiti ni bora, kaka. Kiti watu banakikalia."

Tulimpeleka katika likizo fupi ya Aprili, Mama na mimi. Mlango wa pale unafunguliwa kwa namba, ili wasitoke. Ukifunguka unapigwa na harufu usoni: mkojo, na juu ya mkojo wamemwaga limau. Mzee mmoja alikuwa amekaa anajichuna ngozi ya mkono na kuila. Nilitaka kugeuka nirudi kwenye gari.

Tukapewa fomu ya kumweleza Koko alivyo. Anapenda nini, anaogopa nini. Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo kalamu nilishika mimi. Mwanamke wa mapokezi, mwenye kucha za waridi, alisimama juu yangu akitabasamu. Tukafika swali moja: anapenda kula peke yake, au pamoja na wenzake?

"Banauliza nini?" Mama akasema.

"Banauliza kama anapenda watu."

"Andika anapenda. Asiyependa watu ni nani?"

Nikaweka alama kwenye "pamoja na wenzake". Nilijua si kweli. Miaka yote nimekula naye kwa kujificha, nilijua. Ila sikutaka yule wa kucha za waridi afikiri sisi ni watu wa kujificha na chakula kama paka. Niliona haya. Mkono wangu ulienda wenyewe, ukaweka alama nzuri kabisa, tukaondoka.

Shule ilipofungwa Juni nikatumwa Buffalo nimsaidie Koko azoee. Nilikaa kwa Mama mdogo, na kila asubuhi akienda kazini alinishusha Tonawanda. Koko nilimkuta amekuwa mtu mwingine. Shingo imebaki kamba. Ngozi ya mapaja inaning'inia kama soksi zilizolegea. Alipoingia alikuwa na paundi mia na kumi na nane. Sasa tisini na saba.

Pale walipimwa kila Jumanne, kwenye kiti chenye mizani. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu maisha kwa Jumanne. Jumanne ya tisini na sita. Jumanne ya tisini na nne. Tunangoja koridoni katika foleni ya viti vya magurudumu, mmoja analia anataka mama yake, mwingine anatoa meno bandia, anayalamba, anayatia kwenye kikombe cha jirani, na jirani anakunywa. Nikifika kwa Mama mdogo jioni nashindwa kula. Tulikuwa tunakonda wote wawili, mimi na Koko.

Nesi mkuu, Bi Denise, mwanamke mnene mwenye sauti ya polepole, alituita mimi na Mama mdogo. Akasema kwenye daftari la chakula imeandikwa anakula nusu sahani, wakati mwingine yote, lakini mwili haushiki. Ugonjwa ukifika mbali huwa hivyo. Akishuka chini ya tisini tutafute wale watu wa kumtunza mtu siku zake za mwisho mpaka aondoke duniani.

Mama mdogo hakuhitaji nimtafsirie. Ndiyo kazi yake.

Wiki hiyohiyo walikuja wamama wawili wa kanisa na chupa ya mafuta ya maombi. Walikaa dakika kumi, ncha za vitenge puani. Mmoja akaniambia, "Sisi watu weusi hatutupangake wazazi." Nikamwangalia mkono. Ule mkono haukumgusa Koko hata kwa kumpaka mafuta; walipaka mlango. Nilitaka kusema kitu. Niliandika tu jioni: *wamepaka mlango.*

Halafu ndiyo ile siku ya kiatu.

Nilipomaliza kutapika nilivaa glavu nikapekua chumba kizima. Yai nyuma ya kipasha joto, limekuwa jeusi. Viazi vya kuponda ndani ya foronya, vimegeuka ganda. Samaki ndani ya Biblia, katika Zaburi. Kipande cha nyama katika sidiria aliyovaa muda ule, na chini yake ngozi imechubuka na kunuka. Yote aliyoandikiwa kwamba amekula yalikuwa humo chumbani.

Niliwaita watunzaji. Nilidhani nimesaidia. Wakafanya wanavyofanya: kuanzia siku hiyo, akitoka mezani anapekuliwa. Mmoja anamshika mikono, mwingine anapapasa kitenge, wanatoa mkate, wanatupa. Koko aliyekula jalalani vitani ili binti zake wale, anapekuliwa kama mwizi wa sokoni. Mara ya kwanza alilia bila sauti. Mara ya tatu hakuwa na kitu cha kupekuliwa. Alikuwa ameacha kugusa sahani kabisa.

Jumanne ya tisini na moja.

Mjomba akapiga: "Jumapili nakuja kumuchukua. Akufe kwangu, asikufe mu kizuizi."

"Utamfungia tena?" nikauliza. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mjomba. Akakata simu.

Kesho yake nikaomba nikae naye mezani. Kabla ya hapo nilikuwa nangoja koridoni wakati wa chakula, na sababu ni mbaya: sikuweza kuvumilia kuwatazama wakitafuna. Nikaingia naye nimemshika kiwiko. Meza yake ilikuwa ya watu wanne. Yule mama wa meno. Mama mwingine aliyelala na uso kwenye supu. Na Bwana Walter, mzungu mrefu, mwembamba, fimbo katikati ya magoti, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

Bwana Walter akamwona Koko anakuja. Akasimama. Wima, polepole, magoti yanalia, macho chini. Akabaki hivyo.

Koko akavuta kitenge akafunika uso. Akapita upandeupande mpaka kwenye kiti chake.

Nilikaa. Nilimsogezea sahani.

"Koko," nikasema chini, "kula."

"We mutoto uko na kichwa? Hauone mukwe?"

"Huyu? Koko, huyu ni mzungu."

"Minaona ni muzungu. Niko kipofu? Ni muzungu, lakini ni mukwe." Akazidi kuinama. "Anasimamaka kila siku. Mutu wa heshima. Nitakula aje mbele yake? Minabebaka, nikule ku chumba. Sasa bale bananinyanganya."

"Ukibeba, mbona huli?"

Akafikiri. Akatazama kiganja chake, tupu. "Sijue chakula inaendaka wapi," akasema.

Miezi mitatu. Mara tatu kwa siku walimketisha mbele ya mkwe na kumwambia kula. Alibeba chakula aende kukila kwa heshima, akifika chumbani anasahau amekiweka wapi. Na aliyemketisha pale ni mimi, kwa kalamu.

Sasa ungedhani nilikimbia kwa Bi Denise saa hiyohiyo. Sikukimbia. Nilisimama nje ya mlango wake Jumatano, nikasoma karatasi ya zimamoto ukutani mpaka nikaikariri, nikaondoka. Alhamisi nikasimama tena, akatoka, akaniuliza, "Unatafuta choo, mpenzi?" Nikasema ndiyo. Nikaenda chooni nikakaa juu ya kifuniko, najichukia kuliko funza. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa nyumba ile, kwa mjomba na picha yake, kwa wamama wa mafuta, chote kilirudi kikaniangukia mimi. Wao walikuwa hawajui. Mimi nilijua.

Ijumaa Koko hakuweza kusimama kutoka kitandani. Nikaingia bila kubisha.

"Nilidanganya kwenye fomu," nikasema, kwa Kiingereza, kwa haraka, nikitazama mezani. "Bibi yangu hali mbele ya watu. Hasa mbele ya mkwe. Anadhani Bwana Walter ni mkwe wake kwa sababu anamsimamia. Haibi chakula. Anakwenda kukila kwa kujificha, halafu anasahau. Mimi niliandika anapenda wenzake."

Bi Denise alivua miwani. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye karatasi zake, na kamasi pia, hata hakunipa kitambaa. Alikuwa amekasirika, niliona. Akavuta faili la Koko, akalipata lile jibu langu zuri, akalikata kwa mstari mmoja. Akasema vyumbani hawaruhusu kula kwa sababu ya kupaliwa, lakini mtu wa familia akikaa naye kila tonge, ataruhusu. "Kila tonge," akarudia. "Na nikuone unanawa mikono."

Mama mdogo nilimwambia garini. Nilingoja anichape kwa maneno. Aliendesha mpaka taa nyekundu. "Mimi niko kazi hii miaka minne," akasema. "Fomu ile ningesoma mimi, ningeona. Sikusoma. Nilisema mutoto anajua Kiingereza." Taa ikawa kijani, magari yakapiga honi nyuma, naye hakwenda.

Jumamosi alipika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, tukafunga kwenye taulo lisipoe. Tukafunga mlango wa chumba. Mama mdogo alisimama kwa nje, kusudi mtu asiingie. Mimi na Koko tukakaa kitandani, sahani moja katikati. Nilimnawisha mikono. Chini ya kucha zake kulikuwa na kitu cha kahawia ambacho maji hayakukitoa, na nilijua ni nini.

Akatazama mlango. "Mukwe hayuko?"

"Hayuko."

Hakugusa. Alinitazama mimi, muda mrefu, mdomo wangu. Halafu akakata tonge, akalifinyanga, akachovya kwenye sombe, akatia kinywani mwake. Akatafuna kwa fizi, polepole. Nikashukuru Mungu. Kisha akalitoa, limelowa, lina uzi wa mate, akalishika kwa vidole vile na kuninyooshea.

Watoto aliwalisha hivyo kambini walipoota meno. Mimi pia, Mama anasema.

"Kula kwanza," akasema. "Umekonda vibaya. Nani anakunyima?"

Nilisikia ile harufu: mate ya zamani, limau ya sakafuni, na kile cha kwenye kucha. Nikafungua mdomo. Lilikuwa la uvuguvugu. Sitawadanganya kwamba lilikuwa tamu. Nilimeza, likagoma, nikameza tena.

Koko akatikisa kichwa, ameridhika, akarudisha mkono kwenye sahani. Alikula. Alikula kama alivyokuwa akila Louisville, kwa haraka, kitenge kimeanguka mabegani, mpaka tukakwangua sahani. Nilipofungua mlango, Mama mdogo alikuwa amekaa chini koridoni, kichwa ukutani, na mzee anayejichuna ngozi amekaa chini karibu naye, wameshikana mikono.

Jumapili mjomba alikuja kweli, na gari tupu la kumbebea. Tulimwambia angoje koridoni mpaka mama yake amalize kula. Alingoja. Aliposikia Koko ananifokea kwa ndani kwamba namaliza sombe peke yangu, alicheka, halafu akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo. Aliondoka na gari tupu.

Jumanne iliyofuata ilikuwa tisini na moja tena. Ile nyingine, tisini na mbili na nusu. Sikurudi Louisville, nimeandikishwa shule hapa, na asubuhi kabla ya shule ni zamu yangu, mchana na jioni ni za Mama mdogo na watu wawili wa kanisani waliokubali kufundishwa. Siyo wale wa mafuta. Theluji imeshaanguka mara mbili. Koko ana paundi mia na tatu. Hanijui jina. Bwana Walter bado anasimama. Nilimwuliza kwa nini, akasema mama yake alimfundisha.

Wewe uliye na mzee wa namna hii, ushauri wangu ni mfupi. Kwenye fomu andika ukweli, hasa ule unaokutia haya. Na wasikudanganye kwamba kinyaa kitaisha ukipenda vya kutosha. Changu hakijaisha. Asubuhi ya leo nimemfuta, nimemnawisha, nimefunga mlango, na kama kila siku tonge la kwanza lilipita kwake likaja kwangu. Linanichefua kama siku ile. Yeye ananitazama mdomo mpaka nimeze, ndipo anapokula.

Nameza.